Mwalimu Aliyehesabu kwa Ng'ombe

Ukipita Area D, hapa Dodoma, ukaona geti lina kibonyeo kidogo kama cha ukucha karibu na bawaba, ujue mwalimu wa weldi alishapita hapo. Alikuwa hatembei bila nyundo. Si nyundo kubwa, ni ile yenye ncha ya kubandulia ganda la weldi. Aliichomeka mfuko wa nyuma wa suruali kama mtu mwingine anavyochomeka kitana. Akifika kwenye geti la mtu asiyemjua, anagonga: ko, ko. Anasikiliza. Likilia vizuri anaendelea na safari yake. Likilia vibaya anabisha hodi.

"Hodi mama. Geti lako hili litaanguka."

"Wewe nani?"

"Mwalimu. Fundi wako hapa amebandika chingamu, hajachoma. Mwambie arudi."

Fundi huyo, mara nyingi, nilikuwa mimi.

Niseme kabisa mimi ni nani. Niliacha shule darasa la tano nikachunga ng'ombe wa baba kule Bahi. Nikaja mjini na kandambili zilizoshonwa kwa waya. Nimebeba vyuma vya watu kichwani mpaka nywele za utosini zikakataa kuota. Leo nina karakana Nkuhungu yenye mashine sita, nina nyumba tatu, na mbili kati ya hizo wamepanga watumishi wa serikali wenye digrii zao, ambao wakiniona mwisho wa mwezi wananiamkia shikamoo kabla sijafungua mdomo. Nina pikapu, na keria yake, kila mtu nimemwambia, niliichoma mwenyewe kwa mikono hii. Hakuna aliyenifundisha. Njaa ndiyo ilikuwa chuo changu, na ada yake niliilipa yote.

Kwa hiyo mtu akiniletea habari za vyuo nilikuwa nacheka. Yule mwalimu nilimcheka miaka kumi na kitu. Siku hizi sicheki, na ndiyo maana nimekaa kuandika, kazi ambayo si yangu.

Chuo chake kilikuwa chuo cha wananchi, nje kidogo ya mji, majengo marefu yenye bati zilizokwisha rangi. Walifundisha ushonaji, useremala, kilimo na weldi. Mimi nilikuwa napeleka pale vipande vya vyuma vilivyobaki karakanani, vya kuwauzia wanafunzi wajifunzie. Hata takataka yangu nilikuwa naiuza.

Siku moja nilikuta anaongea na wazazi walioleta vijana kujiandikisha. Watu wa Bahi, wa Mvumi, wa Chamwino huko ndani, wamekaa kwenye mabenchi na fimbo zao katikati ya magoti. Mwalimu hakuongea nao habari za shilingi hata kidogo. Alichukua chaki, akasimama mbele ya bati kubwa jeusi lililoegemezwa ukutani, akachora ng'ombe. Mchoro wake ulikuwa mbaya mno, kama mbwa mwenye pembe.

"Ada yetu ni mtamba mmoja," akasema. "Huyu hapa. Msicheke. Lakini gharama haiishii kwa huyu. Kijana akiwa hapa, kule nyumbani hachungi. Nani atachunga? Utamweka mtu, utamlipa. Hao ni mbuzi wawili kwa mwaka." Akachora mbuzi. "Buti na glavu, mbuzi mwingine. Chakula chake hapa nusu gunia la mtama. Yule anayekutajia ada peke yake anakuficha."

Mzee mmoja akauliza, "Na huyo mtamba anazaa lini?"

"Mwaka wa kwanza hazai. Atakayekuambia anazaa mwaka wa kwanza ni mwizi. Mwaka wa pili kijana anashika vibarua vya watu, unapata maziwa kidogo. Mwaka wa tatu ndiyo ndama."

"Na akifa?"

"Ng'ombe akifa amekwisha, mzee. Ufundi haufi. Ukilala, unauamsha."

Halafu akasema neno ambalo Mgogo yeyote analielewa hata akiamshwa usingizini. Kwetu mtu hafugi ng'ombe wake wote mahali pamoja. Anawaweka wengine kwenye zizi la mwenzake. Mtunzaji anakunywa maziwa, anapata samadi, hakuna anayemdai. Lakini ndama ni wa mwenye ng'ombe. Na siku mwenye ng'ombe akija, mtunzaji anasimama naye zizini, anamwonyesha ndama mmoja mmoja. Mtunzaji anayeficha ndama hata salamu hapewi, na binti wa watu haozeshwi kwake.

"Mimi hapa ni mtunzaji tu," mwalimu akawaambia. "Ng'ombe ni wenu. Mkija nitawaonyesha ndama."

Nilirudi mjini nikawasimulia vijana wangu lile ng'ombe lenye sura ya mbwa. Tulicheka mpaka tukaacha kazi.

Na bado kila mwaka alikuwa anakuja kwangu kuomba nafasi za fildi, ile miezi ambayo mwanafunzi anapelekwa kujifunza kazini. "Mdogo wangu," ananiambia, maana alinizidi miaka kama kumi na miwili, "nipokelee wawili." Nampokelea watatu. Nami nitasema ukweli, maana pesa niliyoipata haiwezi kukimbia tena. Kijana wa mtaani ananichukua miaka miwili mpaka ajue. Katikati hapo anatoboa bomba, anamaliza rodi, anakata skwea paipu fupi halafu anaiangalia kama itarefuka. Kijana wa mwalimu anakuja anajua kusoma mchoro. Anakata pembe mara moja, zinakutana. Wiki ya pili ameshaanza kuniingizia. Gharama yote ilibebwa na mtamba wa baba yake na mapafu ya mwalimu. Mimi nilitoa chai na maandazi.

Fildi ikiisha, wale wazuri nawabakiza. Nawalipa kwa siku, kama mbeba zege. Wakilalamika nawaambia, "Cheti hakichomi chuma. Mimi sina cheti, na nyinyi mnanifanyia kazi." Neno hilo nililipenda sana.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Darasani alikuwa na somo zima la namna ya kupanga bei: chuma kiasi gani, umeme kiasi gani, jasho lako kiasi gani. "Asiyehesabu jasho lake," alikuwa anasema, "amejiajiri utumwa." Lakini mtaani, mjane akimwita kutengeneza kitanda, anatengeneza, anakunywa uji, anaondoka. Nyumba yake ya kupanga ilizungushiwa miba. Mwalimu wa mageti hakuwa na geti.

Kwenye duka la vyuma la mzee mmoja wa Kihindi, karibu na soko, walikuwa wanamwogopa kama mkaguzi. Anaingia na kipimo chake cha kushika unene wa bomba, anapima, anasema kwa sauti ya darasani, "Hii mmeandika milimita mbili, ni moja na nusu." Wateja wote wanageuka. Mzee wa duka anashika kichwa.

"Mwalimu, leo unanunua au unapima tu?"

"Napima."

"Basi nenda kapime kwa jirani! Mimi nina watoto wanasoma!"

"Na hawa wana watoto watakaolala chini ya bomba hili."

Akitoka nje, mzee huyohuyo anamtuma mtu amkimbilie na soda baridi. Wanakunywa pamoja barazani, wakigombana.

Jambo jingine ni macho. "Macho ni mtaji, hayanunuliwi tena," ndiyo wimbo aliowaimbia vijana mpaka wakauota. Mwanafunzi akichungulia moto bila kioo anafukuzwa kipindi. Lakini yeye mwenyewe, akimwonyesha mtu jinsi ya kushikiza kipande, alikuwa anafumba jicho moja, anageuza uso, anachoma hivyohivyo. Nikamwuliza siku moja kwa kejeli, "Mwalimu, mtaji wako mbona unauchoma?" Akasema helmeti za chuo zilikuwa nne. Wanafunzi walikuwa kumi na tisa. "Wakizipokezana wao zinatosha," akasema. "Nikiingia na mimi kwenye foleni hazitoshi."

Na alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa mtu mwingine. Alikuwa anajua weldi ya kila mwanafunzi wake. Akija karakanani, anapitisha kidole kwenye kazi iliyopoa. "Hii ya Yohana. Anachoma vizuri, akifika mwisho anameza, kama mtu anayekatisha neno. Hii ya Asha. Haina haraka." Asha alikuwa msichana pekee kwenye kundi lake, nami nilimpokea nikidhani atanipikia chai. Alichoma madirisha ya nyumba zangu zote mbili za kupangisha.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikizunguka.

Alikuja asubuhi moja ya kiangazi, faili kwapani, viatu vimejaa vumbi jekundu. Nilikuwa nimeketi na chai.

"Mdogo wangu, leo sikuombi nafasi. Naomba mstari mmoja tu."

Ilikuwa fomu. Iliuliza: mna wahitimu wetu wangapi, wanafanya kazi gani, wanalipwaje. Bodi ya chuo ilikuwa imekaa na wafadhili. Darasa la weldi ndilo lilikuwa linakula kuliko yote: umeme, rodi, vyuma vinavyokatwa ili vitupwe. Ushonaji unataka kitambaa na uzi. Wakasema, hiyo weldi inarudisha nini? Tuonyesheni watu walio kazini, kwa maandishi ya mwajiri. Wasipoonekana, darasa linafungwa. Hakuniambia wanataka wangapi, na mimi sikuuliza.

Mimi kwenye karatasi ile niliona mambo mengine kabisa. Niliona mtu wa kodi. Niliona mtu wa mafao anauliza michango ya miaka yote, na mtu wa kazi anauliza mikataba. Mkataba wenyewe kwangu ulikuwa "kesho uwahi".

"Andika hakuna," nikamwambia.

"Hakuna?"

"Wapo vibarua. Kibarua si mwajiriwa, Mwalimu. Leo yupo, kesho hayupo."

Nyuma yangu wahitimu wake walikuwa wanachoma. Mashine zikanyamaza moja moja. Hakuna aliyefunua helmeti. Walikuwa wanajua kwamba atakayefunua, kesho asiwahi.

Mwalimu aliwatazama, akatazama mikono yao, si nyuso. Kisha akaniwekea fomu juu ya meza, karibu na kikombe.

"Mimi siwezi kuandika neno hilo kwa mkono wangu," akasema. "Andika wewe."

Nikaandika. Mwandiko wangu ni mbaya, lakini neno hilo nililiweza. Nikapiga na mhuri, maana mhuri ninao.

Akaichukua fomu, akaipuliza wino ukauke, taratibu, kama kazi ya mtu anayemheshimu. "Ahsante kwa chai," akasema. Hakuwa amekunywa chai.

Baadaye nilisikia mwenzake wa ushonaji alijijazia fomu zake mwenyewe, majina ya maduka ambayo hayapo. Darasa lake lipo mpaka leo. Weldi ilifungwa mwisho wa mwaka ule. Mashine za chuo zikapigwa mnada na mimi nilienda nikanunua mbili kwa bei ya kutupa. Zinafanya kazi mpaka leo. Alizitunza vizuri.

Mwalimu alikaa chuoni muda kidogo akigawa funguo za stoo, halafu akastaafu, akahamia Kibakwe kwenye shamba la mke wake. Sikwenda kumuaga.

Wale vijana nao wakapukutika. Yohana alikwenda migodini kanda ya ziwa, akaandikiwa mkataba wa kalamu. Asha akafungua karakana yake, na wateja wangu wawili wakubwa wakamfuata. Wengine Dar, wengine sijui. Kumbe cheti kinachoma chuma, ila si kwangu. Nikabaki na vijana wa mtaani, wanaojifunza kwa kuchungulia, kama nilivyojifunza mimi, na wapya kutoka chuoni hawakuja tena, maana hakukuwa na pa kutokea.

Mwaka jana nikapata kazi kubwa kuliko zote za maisha yangu, kenchi za chuma za paa la ukumbi kule Mtumba, mji wa serikali. Nilichinja mbuzi. Nikawaambia watu, haya sasa, darasa la tano linaezeka serikali. Tukapeleka kenchi ya kwanza. Injinia, binti mdogo kwa umri, akachukua nyundo. Ko, ko. Nilijua jibu kabla yake.

"Mzee wangu," akaniambia kwa adabu, "hii imebandikwa tu. Nani amechoma?"

"Mafundi wangu."

"Wamesomea wapi?"

Miaka yote swali hilo nililijibu kwa majigambo; siku ile niliinama kutazama weldi. Akanipa mwezi mmoja nilete wachomeleaji waliopimwa, la sivyo kazi inakwenda kwa mwingine. Vyuma nilishanunua kwa kuweka rehani nyumba ninayolala.

Nikapanda Kibakwe.

Kule ni milima, na baridi yake inaingia ndani ya koti. Nilimkuta ameketi uani kwenye kigoda, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Hatazami ungo. Vidole vinakwenda vyenyewe, bovu likiguswa linatupwa kwa kuku.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba." Akainua uso upande usio wangu. "Sauti hiyo ni ya geti bovu la Area D."

Nikacheka. Yeye hakucheka, lakini akasogeza miguu nipate pa kukaa. Mke wake akaleta viazi na chai, akaviweka bila neno, akarudi jikoni, mlango akauacha wazi.

Nikamweleza yote, ukumbi, injinia, mwezi mmoja. "Njoo Mwalimu. Unifundishie vijana sita tu. Nitakulipa chochote, sema mwenyewe."

"Nitawafundisha nini? Haya macho sasa yanaona mwanga na kivuli. Wewe ni kivuli kinene." Akatupa harage bovu. "Na mwezi mmoja, mdogo wangu? Nilisema mtamba anazaa mwaka wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Kumbe ulisikia."

Kuku wakagombania yale mabovu. Halafu akauliza, sauti ileile ya kwenye benchi la wazazi:

"Kwenu Bahi, aliyekuwekea ng'ombe akija zizini, unafanyaje?"

Nilihisi masikio yanapata moto. Mimi, mtu mzima, mwenye nyumba tatu.

"Namwonyesha ndama."

"Haya. Nimekuja."

"Lakini Mwalimu, siku ile uliwaona. Ungeandika tu."

"Mwenye ng'ombe hahesabu zizini kwa mtu mpaka mwenye zizi asimame naye. Nilikuja, hukusimama."

Nikaanza kuwataja. Yohana. Asha. Mapacha wa Mvumi. Yule mrefu tuliyemwita Nguzo. Kila jina nililotaja, mwalimu anatoa harage moja zima na kuliweka ukingoni mwa ungo. Nilipomaliza akapitisha kidole juu yake, akahesabu taratibu.

"Kumi na mmoja."

"Ndiyo, Mwalimu. Wote walikuwepo siku ile."

"Bodi ilitaka kumi," akasema.

Chai yangu ilishapoa.

"Mama!" akaita. "Njoo usikie kitu." Mke wake akasimama mlangoni, anafuta mikono. "Sema tena," mwalimu akaniambia.

Nikasema tena, wote kumi na mmoja.

Yule mama alimtazama mumewe kwanza, muda mrefu. "Na mimi nilivyomsema," akasema. "Miaka yote. Kwamba ameacha macho yake kwa watoto wa kukaa vijiweni." Ndipo akanigeukia mimi. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Haya," akasema. Akauchukua ungo mapajani mwa mumewe, akayafagia kwa kiganja yale kumi na moja pamoja na mengine, akaingia nayo ndani. Nikasikia yanamwagika chunguni.

Mwalimu alinisindikiza mpaka barabarani, kiganja chake begani kwangu, si kwa upendo, kwa ajili ya mawe. Tulipofika kwenye pikapu akaigusa ubavuni, akapanda na mkono mpaka juu, akalikuta bomba la keria. Kidole kikatembea kwenye maungio, kikafika mwisho wa weldi, kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikafika tena.

"Yohana," akasema. "Anameza mwishoni."

Keria ile nimewaambia watu wa Dodoma nzima niliichoma mwenyewe.

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema. "Ni Yohana."

Akapeleka mkono mfuko wa nyuma, akatoa nyundo. Ko, ko. Akasikiliza mpaka mlio ukaisha kabisa.

Ililia vizuri. Akageuka, akaanza kurudi nyumbani peke yake, akitafuta njia kwa mguu.